Sumaku Inayojibu Ikiwa Tupu

Saa moja na robo asubuhi, mvua inanyesha, na Mama Sumaku anavua vitu mlangoni. Saa ya mkononi, bangili, funguo, pini mbili za nywele. Anavitia kwenye bakuli la plastiki, anajipapasa mifukoni mara ya pili, ndipo anaingia karakanani.

"Hata sidiria zangu hazina kulabu," anasema, wala hacheki. "Ile mle ndani haina swichi. Umeme ukikatika, watu wakilala, yenyewe inavuta tu."

Ile anayoisema imekaa juu ya meza ya mbao katikati ya chumba: pete nene ya vipande vya sumaku mia nne na kumi na sita, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vimepangwa ili nguvu zote zikusanyike kwenye tundu la katikati. Tundu linatosha kichwa cha mtoto mchanga. Pete nzima ina kilo tisini na mbili. Haitoi mlio, haina taa, haina joto. Ukiitazama utadhani ni gurudumu ambalo mtu amelisahau.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na tisa ndiye aliyeibuni na kuiunda, yeye na marehemu mumewe, kwa miaka minne. Pete mbili za kwanza ziliharibika. Ya pili iliondoka na ncha ya kidole chake cha shahada, vipande viwili vilipokutana kabla hajatoa mkono. "Hata pole havikunipa," anasema.

Kazi ya mashine si ngumu kueleza. Mwili umejaa maji. Maji yakiwa ndani ya sumaku kali, ukiyapiga wimbi dogo la redio, nayo hujibu kwa wimbi lao. Jibu hilo likipitishwa kwenye spika husikika: mvumo mwembamba unaoshuka na kupotea. Mashine kubwa za hospitali hufanya hivyo hivyo, ila zinataka chumba chao peke yao. Hii itakaa mezani kwenye wodi ya wazazi, ichomekwe ukutani, ionyeshe kama maji yanajaa kichwani mwa mtoto.

Tundu likiwa tupu, spika inatakiwa ikae kimya. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mumewe alifariki kiangazi mwaka jana, kwa moyo, bila kuugua hata siku moja. Miezi miwili baadaye, wiki ya pili ya mvua, fundi wa redio wanayemwita Waya, rafiki wa marehemu tangu shule, aliwasha redio na spika ya mashine kuijaribu kabla ya kuweka chupa ya maji. Ikajibu.

"Nikazima, nikawasha. Ikajibu tena," Waya anakumbuka. "Nikachungulia tunduni. Hamna kitu. Nikamwita, 'Shemeji, hebu njoo usikie. Hii inaongea na nani?'"

Mvumo ulikuwa hafifu, ukashuka kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kukaa kitini. Marehemu alikuwa na pumzi hiyo. Kila aliyemfahamu anaijua: akikaa tu, hmmm, kama aliyetua mzigo. Waya alitoka nje kwenye mvua na hakurudi mpaka kesho yake.

Habari kama hiyo haikai ndani. Siku ya tatu mama wa marehemu, bibi wa miaka sabini na minne, alikuja kwa miguu, akavua bangili zake, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika. "Iwasheni," akasema. Iliposhusha pumzi, naye akaitikia, "Naam, baba." Tangu siku hiyo akawa anakuja kila saa nne asubuhi.

"Ningemwambia nini?" Mama Sumaku anauliza. "Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Nikakagua nyaya, nikabadili spika, nikahamishia mashine chumba cha pili. Wapi. Siku ya jua kali sauti inafifia. Mvua ikirudi, na yeye anarudi."

Anasema "yeye" bila kujisahihisha.

Mvua ndiyo iliyomfumbua macho. Ndani ya tundu mna bomba la nailoni linaloshika nyaya za shaba. Mumewe alilichagua kwa sababu ni jepesi, linachongeka vizuri, na si chuma. Watu wa sumaku huogopa chuma mpaka wakasahau mengine. Mama Sumaku alilichomoa bomba akaliweka kwenye mizani. Ubavuni, marehemu alikuwa ameandika kwa penseli uzito wake wa kiangazi: gramu 2,140. Mizani ikasema 2,187.

Nailoni hunywa maji ya hewani. "Gramu arobaini na saba," anasema. "Vijiko vitatu vya maji. Mume wangu na akili zake zote, hilo lilimpita."

Ungedhani alikimbia kuwaeleza wenzake. Thubutu. Alilirudisha bomba mahali pake, akanyamaza siku kumi na moja. Saa nne ikifika anamwashia mama mkwe, yeye anasimama nyuma ya kiti.

"Na mimi nilikuwa nasikiliza," anasema. "Nisikudanganye. Nilijua ni nailoni, na bado nilikuwa naingia kusikiliza."

Kilichomtoa kwenye kimya ni simu ya hospitali. Wanakuja Alhamisi kuichukua mashine, na mtoto wa kwanza kupimwa yuko tayari wodini, ana siku tisa. Mashine inayoona maji pasipo na maji itamwonyesha daktari ugonjwa usiokuwapo, na kitoto kizima kitapasuliwa kichwa bure. Waya alipopata habari alitafuta njia ya katikati: ile sauti ya ziada ipunguzwe kwa hesabu kwenye kompyuta, ila spika waiache kwa ajili ya bibi.

"Nikamwambia, shemeji, leo vijiko vitatu, kesho viwili na nusu. Utapunguza kipi? Mtoto wa watu habahatishiwi."

Leo Jumanne bomba jipya la kioo, kisichonywa maji, liko mezani, limefungwa kwa gazeti. Saa nne kasoro, mama mkwe anaacha mwavuli nje, anavua bangili, anaingia. Anakiona kioo. Anakaa.

"Mama, nina neno," anasema Mama Sumaku, akichuchumaa mbele yake. Anaeleza yote, nailoni, mvua, mizani, na zile siku kumi na moja hazifichi. Bibi anasikiliza mpaka mwisho, macho kwenye spika.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, Mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nisamehe."

"Ukitia hicho kioo?"

"Itanyamaza."

Mvua inapiga bati. Bibi anajifuta uso kwa ncha ya mtandio, taratibu.

"Huyo mtoto wa hospitali ana mama?"

"Anaye. Analala naye hapo hapo wodini."

"Basi tia, mwanangu."

Kazi inachukua dakika arobaini. Waya anawasha. Spika kimya. Anawasha mara ya pili, mara ya tatu. Mama Sumaku anageukia ukuta, anafuta macho kwa kiwiko.

"Kimya hiki tumekitafuta miaka minne," anasema. "Na nakichukia."

Nyuma yake kiti kinakwaruza sakafu. Bibi ameinuka, hakuambiwa na mtu, ameingiza mkono wake wa kulia tunduni mpaka kwenye kiwiko. Waya anamtazama Mama Sumaku. Mama Sumaku anaitikia kwa kichwa, na Waya anawasha.

Safari hii sauti si hafifu. Inajaa chumba, kisha inashuka polepole, hmmm, kama mtu aliyetua mzigo.

"Tena," anasema bibi, hatoi mkono. Inashusha pumzi tena. "Ni ile ile."

"Ni maji, Mama," anasema mkwewe kwa upole. "Ni ya kwako."

"Najua ni ya kwangu. Na yeye aliyatoa wapi?"

Waya anaiwasha mara nyingine bila kuombwa.

Mashine itaondoka keshokutwa. Mama Sumaku ameshachora nyingine, yenye vipande mia sita na tundu pana zaidi, ya watoto wa hadi miaka miwili. Anakadiria itamchukua mwaka mmoja na nusu, na safari hii hataki nailoni hata ya kifungo.

"Hiyo nyingine unaanza lini?" bibi anauliza, akirudisha bangili mkononi mlangoni.

"Jumatatu, Mungu akipenda."

"Itataka mkono wa kuijaribia."

"Itataka, Mama."

"Basi usichukue wa mtu mwingine."