Siku Niliposhindwa Kushuka kwenye Baiskeli ya Baba

Naona aibu hata kuwahadithia, lakini nusu ya watu wa mtaa wetu wa Bagara walinishuhudia, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe. Baba alikuwa na baiskeli yake nyeusi, ile yenye bomba la juu, ya tangu enzi za kulipia leseni ya baiskeli, mwenye nayo akipita watu wanageuka. Sasa kila kijana ana pikipiki, mzee akaamua kuiuza kama chuma chakavu. Nikamwambia anipe mimi. Akacheka (na Baba hacheki ovyo), akasema Jumapili nikifika nayo kanisani kutoka Bonga nikiwa juu yake, bila kuikokota, ni yangu.

Nikajifunza wiki nzima, magoti yakachubuka, sikuacha. Kosa langu lilikuwa moja: asubuhi ile niliona uvivu kubeba nguo ya kubadilisha, nikakunja kitenge changu cha kwaya hadi magotini, mume wangu akanishikilia nikapanda. (Najua. Msiniambie.)

Njiani shwari kabisa. Kufika uwanja wa kanisa, wazee wote wamesimama mlangoni, Baba akiwamo, na mnajua kwetu ukikutana na mzee unashuka kwenye baiskeli ndipo umwamkie. Nikajaribu kushuka, kitenge kimebana, mguu hauvuki bomba, na kupita kimya siwezi, basi nikawaamkia shikamooni huku nawapita, nikazunguka kanisa nijipange, nikawakuta tena, shikamooni, wakaitikia kwa mbali, mzunguko wa tatu hawakuitikia kabisa, na hapo ndipo pindo liliponasa kwenye mnyororo, kitenge kikavutwa chote, nikaanguka miguuni pa Baba nimebaki na gagulo.

Kwaya ilicheka mpaka mwalimu wetu akakaa chini. Baba aliinua baiskeli kwanza, akaikagua, ndipo akanipangusa vumbi na kunifunika koti lake. Machozi yalinilenga, si kwa gagulo, bali kwa baiskeli niliyodhani nimeikosa.

“Baba, naomba nijaribu tena Jumapili ijayo,” nikasema.

“Mama Neema, nilisema ufike ukiwa juu yake,” akajibu. “Kushuka sikukutajia.”

Kitenge na baiskeli, sirudii tena maishani. Jumatatu nilivaa suruali ya mume wangu nikaenda na baiskeli yangu shambani Nangara, na tangu siku hiyo nikimwona mzee, naanza kushuka nikiwa bado mbali.