Vidonge vya Chui

Chui amenusurika, kwa hiyo naweza kusimulia. Mimi na mbwa wangu huyu tuna mioyo iliyochoka, na kila mmoja ana vidonge vyake vya kutuliza mapigo. Nikalinganisha: tukipanda kwenda Myamba yeye hutangulia, mimi nahema kila kona. Nikaona dawa yake ndiyo bora. Nikawa nameza yake, yangu namfichia kwenye makande.

Juzi akashindwa kusimama. Tukamkimbiza Same kwa daktari wa mifugo.

“Shikamoo mzee. Mapigo yake yamepungua mno. Dawa niliyompa anapewa?”

“Marahaba. Kila siku.”

Mke wangu akaguna. “Daktari, dawa ya mbwa anameza huyu mzee. Nimemwona.”

Daktari akakitoa kipimo cha mapigo kifuani kwa Chui, akakileta kifuani kwangu.