Jina Nililoliruka Kwenye Muhtasari

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, siku ambayo kalamu yangu mwenyewe ilinigeuka. Nakusimulia kwa sababu nimesikia vijana wenzako wamekuchagua katibu wa chama chenu cha wenye magari hapa Babati. Hongera. Sasa kaa, chai ipo.

Sisi tulikuwa na chama kabla yenu. Kamati ilikutana chumba cha nyuma cha hoteli moja karibu na stendi, na katibu nilikuwa mimi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na Land Rover aliyoniachia marehemu mume wangu. Nikipita, watu wanasema, yule ndiye Mama Eliya. Niliona raha, nikufiche nini?

Ndipo akajiunga Mama Paskalina wa Nakwa, na pikapu yake ya kijani ambayo injini anaifungua mwenyewe. Haukupita muda, naye akaingia kwenye kamati. Akisema, wanaume wananyamaza, akicheka, wanacheka. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Na majike je? Roho iliniuma, mwanangu, iliniuma hata chai ikawa haipiti. Nikaanza vituko vya kalamu. Wengine wote niliwaandika kwa majina. Yeye nilimwandika "mjumbe mmoja".

Kikao kimoja akapendekeza tuwe na gari la zamu: kila wiki mwanachama mmoja awe tayari kumpeleka hospitali mgonjwa wa mwenzake. Mwenyekiti wetu, Mzee Bura, akauliza wanaokubali, mikono yote ikapanda. Hata wangu, ila ulipanda kwa uzito. Nikaagizwa nipange orodha. Nilipofika nyumbani niliandika muhtasari wote vizuri, hilo la zamu nikaliruka.

Kikao kilichofuata niliusoma mbiombio. Watu walikuwa na mashamba yanawasubiri, wakauthibitisha. Tulipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, zamu haikutajwa, maana haikuandikwa. Mama Paskalina alinitazama tu, akakirudia kikombe chake. Mimi nikajiona mshindi!

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku chache baadaye, ndiyo hiyo Jumamosi, mama yangu kule Sigino alibanwa kifua, pumzi inakatika. Nilikuwa pale naye, na Land Rover yangu iko kwa fundi, giaboksi imeshushwa. Mvua inapiga, pikipiki haziwezi lile tope. Nikampigia simu Mzee Bura. Akasema, "Mama Eliya, wiki hii nani yuko zamu? Orodha si unayo wewe?"

Orodha sikuwahi kuipanga. Nikabaki nimeshika mkono wa mama, nalia.

Baada ya muda pikapu ya kijani ikasimama mlangoni, imejaa tope mpaka kwenye vioo. Mzee Bura alikuwa amemweleza. Mama Paskalina akaingia, akamwamkia mama shikamoo, akamshika begani.

"Tumweke mbele," akaniambia. "Wiki hii ni zamu yangu."

Nikamuuliza zamu ipi.

"Niliyojipangia. Tangu siku ile tuliponyoosha mikono."

Njia nzima hakunisuta. Mama alitibiwa, akapona. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kushukuru nilimwonea wivu zaidi, kwamba hata kwa wema amenishinda.

Kikao kilichofuata niliomba kusahihisha muhtasari. Nikakiri kwamba sikusahau, niliruka kwa makusudi. Nikaisoma hoja yake, na jina lake kamili. Mzee Bura akasema polepole, "Katibu, wewe ukimfuta mtu mmoja, sisi wote tunakuwa viziwi."

Sikukuita nikukataze wivu, mwanangu. Utakuja tu, hata leo nikiona pikapu ya kijani moyo hunishtuka kidogo. Lakini wivu ni wako, daftari ni la watu wote. Ukiandika, anza na yule unayemwonea kijicho, andika alichosema na jina lake, kisha ndiyo uwaandike rafiki zako. Na mwenyekiti akiuliza kama kuna kilichosahaulika, inua kichwa usubiri watu wajibu.

Nenda salama. Mungu akulinde barabarani, akunyooshee mkono unapoandika. Na siku gari lako likiwa kwa fundi, akuletee mtu wa zamu, hata kama hukumstahili.