Kumbe Dirisha Letu ni Moja

Jamani, leo nimeingia nyumba ya watu na viatu nikavua!

Nimetoka kazini na sambusa za futari, nikashuka kwenye lifti bila kuangalia namba ya ghorofa. Majengo ya huku Al Nahda, Dubai, mnayajua, ghorofa zote zimefanana. Mlango ulikuwa wazi, nikajua Zaituni, ninayeishi naye, ametangulia.

"Hodi!" Nikaingia.

Nikaganda.

Sebule ni yetu. Vigae vyetu, taa yetu. Lakini vitanda hakuna! Mapazia hakuna!

Sisi sebule tumeigawa kwa mapazia, wanawake wanne, kila mmoja na kitanda chake na kipande chake cha dirisha. Changu kinaonyesha tangi la maji la jirani. Hiyo ndiyo Dubai yangu.

Pale dirisha lilikuwa zima, ukuta hadi ukuta. Minara, barabara, jua jekundu linashuka, mji wote umo sebuleni.

Subhanallah.

Mama wa Kihindi akatokea jikoni. Akanitazama, akazitazama sambusa.

"Umetuletea futari? Mungu akubariki, mwanangu!"

Akazipokea zote. Akanijazia tende mkononi.

Nikapanda kwetu. Zaituni: "Sambusa ziko wapi?"

"Fungueni mapazia yote kwanza."

Wenzangu watatu wakadhani swaumu imenipanda kichwani. Wakafungua.

Adhana imetukuta tumesimama juu ya vitanda tunautazama mji wote, tende mkononi, hakuna anayekumbuka kula.

Nyie wenzangu wa mapazia, dirisha lenu mmeshaliona lote?