Maji Niliyompa Meneja

Meneja wa benki alitoka Musoma akaja kwetu Butiama na vijana wenye fulana za kijani. Wakapanda miche kuzunguka chemchemi yetu, wakanishikisha mche mmoja, wakanipiga picha. Baadaye binti yangu wa Bunda akapiga simu anacheka: "Mama, umebandikwa stendi! Sura kubwa kama mlango, wameandika benki inatunza mazingira."

Nikajivuna, kwa nini nisijivune? Darasa la pili sikumaliza, na sura yangu iko stendi.

Kumbe benki hiyohiyo ilimkopesha tajiri mmoja akanunua mtambo wa kuoshea kokoto, akauweka huko mlimani, juu ya chemchemi. Matope yote yakashuka kwetu. Maji tuliyokuwa tunakunywaga kwa viganja yakawa kama uji wa ulezi. Miche ikafa. Wajukuu wangu wakawa wanateka mbali, shule wanafika wenzao wameshaingia darasani. Nikapanda gari mpaka Musoma.

"Bibi, mtambo ni mambo ya mteja," meneja akasema, macho kwenye simu. "Sisi kwako tulileta miti."

Nikaaga kwa heshima. Mimi nikiaga kwa heshima, mtu aogope.

Haikupita muda meneja akanipigia, sauti imejaa asali. Wageni wa makao makuu wanakuja kuangalia kama benki inafanya inayoyasema. "Bibi yangu, vaa kile kitenge cha kwenye picha."

Nikavaa. Nikateka maji ya chemchemi.

Kwetu mgeni anapewa maji kwanza, ndipo mnaongea. Akiyakataa, amekataa nyumba. Meneja ni mtoto wa hukuhuku, anajua. Wageni wakafika. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima, yeye sikumpa. Nilimpigia goti meneja, nikamkabidhi kata ya maji kwa mikono miwili, mbele ya wote.

Akachungulia. Akageuka kuangalia gari lao.

"Bibi, kwenye gari tuna ya chupa."

"Ya chupa ni ya nyumba gani, baba? Kunywa. Ni ya pale tulipopigia picha."

Yule mama akasogea, akaangalia ndani ya kata. "Maji haya yamekuwaje?"

"Muulize mwanangu huyu. Mwenye mtambo ni mteja wake."

Meneja akapiga funda moja. Niliona koo linagoma. Nilifurahi, na leo bado nafurahi. Kisha nikampandisha yule mama mpaka mtamboni, na viatu vyake vizuri hivyohivyo, akajionea matope yanavyoshuka.

Akaamua palepale: tajiri hapati mkopo mwingine mpaka ahamishe mtambo, na wa kusema maji yamepona ni mimi, siyo meneja.

Juzi meneja alikuja peke yake.

"Shikamoo, bibi. Mtambo umeondoka. Uwaambie basi makao makuu maji yamesafika."

"Yamesafika?"

"Yanaelekea, bibi."

"Na mimi naelekea kuwaambia."

Nikaendelea kupepeta mtama wangu, yeye amesimama juani.