Jiwe Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Fundi viatu yule hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Ugonjwa wake ulikuwa mawe. Tena si mawe yoyote, ni pairiti, yale yanayometa kama dhahabu na wala si dhahabu, mengine yamenyooka pande zote utadhani yamepigwa randa. Aliyasugua kwa mswaki mkavu, maji hata tone hayakuyagusa, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya alivijaza vyote kwenye sanduku lao. Mkewe alikwishamwambia waziwazi: siku mawe hayo yakileta balaa nyumbani, yote yanakwenda mtaroni.

Basi mvua zikaanza, na mama mkwe akaja kukaa. Ili mabegi yake yapate rafu, fundi akalisukuma sanduku chini ya kitanda cha mgeni, kwenye sakafu yenye unyevu. Hapo ndipo alipojiponza. Haikupita wiki, chumba kikaanza kunuka kama yai viza.

Nyumba nzima ikashika adabu. Wajukuu waliojibana na bibi yao kitanda kimoja wakahamia sebuleni mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mke akaacha kupika maharage. Mama mwenyewe akawa anakunywa maji ya tangawizi asubuhi na jioni, macho chini. Fundi alipochungulia sandukuni, akakuta jiwe lake kubwa kuliko yote limeoza kwa unyevu, limeota unga mweupe na linamomonyoka, akajua mwenye tumbo bovu ni nani. Lakini akisema, mtaro unasubiri. Akaufyata.

Mke aliposema kesho anampeleka mama hospitali akapimwe tumbo, roho ikamsuta fundi. Jamani, mtu mzima aaibike kwa ajili ya jiwe? Akalivuta sanduku mbele ya wote, uso umemshuka, akakiri kila kitu. Mke akaenda kuleta karai la kuyabebea.

Mama mkwe ndiye aliyemzuia. Akaliinamia lile jiwe bovu, akalinusa, akarudi nyuma upesi.

"Mengine kayaweke pakavu, baba," alimwambia mkwewe. "Hili niachie hapahapa. Tangu lianze kunuka, sijapigwa teke usingizini hata mara moja."