Jua la Mbaazi, Kivuli cha Watu

Ukitaka kunirudisha Endabash ya utoto wangu, usinionyeshe picha. Niletee sauti moja tu, ya ganda kavu la mbaazi likipasuka lenyewe saa sita mchana. Ta! Kisha kimya. Kisha ta! kule mbali, ta-ta! karibu kabisa na sikio, na punje zinaruka na kudondoka kwenye vumbi jekundu. Ulikuwa mwezi wa kumi, mahindi yameshavunwa zamani, na shambani imebaki mibaazi peke yake, mirefu kumzidi mtu mzima, imekauka hadi inanukia. Joto lilipanda kutoka bonde la Eyasi likatukalia utosini. Sisi watoto tulishindana kubashiri ni wapi patalia tena. Mama yetu, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Aayo, hakuuona huo kuwa mchezo. Kila ganda lililolia lilikuwa chakula kinamwagika, naye alikuwa akisonya kila mara.

Miaka ile ya themanini mwanzoni, kukaa ndani mchana wakati wa mavuno ilikuwa aibu. Mgonjwa alikaa ndani, na mzazi aliyejifungua juzi. Wengine wote, jua lilikuwa halali yao. Na mwenye kulisimamia jambo hilo alikuwa Shangazi Martina, dada mkubwa wa Baba, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Shangazi alikuwa mwanamke wa shoka. Alianza kazi baada ya chai, jua limeshachangamka, na hakuinua mgongo mpaka jioni, wanawe wakimfuata nyuma midomo imewapasuka. Yeye ndiye aliyemlea Baba baada ya mama yao kufariki, kwa hiyo Baba, mwanamume wa kubeba gunia peke yake, mbele ya dada yake alikuwa mtoto. Nikiwa darasa la tatu, hao wawili walivuna kwa kushindana, na saa saba mchana Baba akaanguka. Nilimwona ameshika mbaazi, kisha ameketi, kisha amelala, ngozi yake kavu na ya moto, anasema maneno yasiyoeleweka. Aayo alimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo, akamburuta mpaka nyumbani, na mdogo wangu Yohani mgongoni kwake, naye amelegea kwa joto. Walipona wote wawili, lakini Baba alikaa siku nyingi bila kuweza kusimama pasipo kushika ukuta. Shangazi alisema ni njaa tu, hakunywa uji vizuri.

Jibu la Aayo lilikuja msimu uliofuata. "Jua likianza kuchoma nyayo," alitutangazia, "kila mtu wa nyumba hii anaingia ndani. Jua ni la mbaazi, kivuli ni cha watu." Msidhani tulipewa likizo, jamani! Kivuli kile tulikilipia kwa usingizi. Alfajiri, jogoo akiwa bado anasafisha koo, Aayo alitukung'uta blanketi, na tukaingia shambani tukitetemeka, maana baridi ya kwetu alfajiri haina huruma hata mwezi wa kumi. Umande ulikuwa umelainisha maganda, hayapasuki ukiyagusa. Tulikata matawi kwa mundu polepole, tukayalaza juu ya ngozi kubwa ya ng'ombe, tukaivuta ngozi mpaka nyumbani bila kumwaga kitu. Saa nne tulikuwa tumeyatandaza kwenye uwanja uliosiribwa kwa samadi, na sisi tumejitupa ndani ya tembe letu, lenye paa la udongo, ambalo mchana lilikuwa na ubaridi mtamu ajabu. Shangazi alikuwa na nyumba ya bati, akijivunia kweli, lakini mchana hata kuku hawakuingia humo. Tulikunywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, tukajinyoosha, na huko nje tukasikia ta! ta-ta! uwanjani petu. "Sikilizeni," Aayo alisema, amefumba macho, "kibarua wetu anapiga kazi." Jua likiinama tulitoka tena, wengine kupura na kupepeta, wengine shambani.

Lakini kijiji kina macho, na macho yale yalikuwa yanaamka baada ya sisi kumaliza nusu ya kazi. Walichoona ni familia nzima imelala mchana. Wakatubandika jina la popo. Shuleni nilikuwa napigiwa mbawa na darasa zima. Shangazi naye alisimama mpakani, jasho linamtiririka, akapaza sauti ili wapita njia wasikie: "Wifi! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!" Watu wakacheka mpaka wakashika viuno. Methali ni ya kweli, mvivu hakosi kisingizio, ila kuipokea mbele ya watu na huna la kuonyesha, we! Nilimchukia shangazi yangu kwa moyo wote, na sioni haya kulisema.

Kisha Jumapili moja baada ya ibada mwenyekiti wa kijiji akatoa tangazo kwamba wiki ikiisha, ng'ombe wataachiwa mashambani. Ndio utaratibu wetu mpaka kesho. Siku ikishapangwa, mifugo ya wote inakula mabua ya wote, na ambaye mbaazi zake bado zimesimama, shauri yake. Za Shangazi zilikuwa zimebaki kidogo sana, za kumaliza siku moja. Za kwetu bado kipande kizima cha chini, na kipande hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu mpaka mvua. Kesho yake saa sita mchana, jua linawaka kwelikweli, Baba akainuka, akachukua mundu wake ukutani. "Siwezi kulala na dada yangu ananiangalia," alisema. Nilikumbuka ile ngozi ya moto na yale maneno yasiyoeleweka. Aayo hakumzuia mlangoni wala hakupandisha sauti. Alisimama, akachukua mundu wake, akaniambia, "Paulina, mfunge mdogo wako mgongoni. Baba yenu anakwenda, basi tunakwenda wote. Akianguka, tuanguke naye." Nikamwinua Yohani, usingizi umemjaa. Baba alitutazama, mmoja mmoja. Akalitazama jua pale nje. Kisha akarudisha mundu ukutani na kuketi. "Mama Paulina," alisema, "umeniweza." Alfajiri iliyofuata, yeye ndiye aliyemwamsha jogoo.

Tulimaliza jioni ile ile ya kuamkia ng'ombe. Asubuhi yake mifugo ikaingia kwa vumbi na filimbi. Katika shamba letu ilipita inatafuna mabua na majani, ikaendelea. Ilipofika kwa Shangazi ikagoma kutoka! Ng'ombe wameinamisha vichwa, mbuzi wamepiga magoti, kuku wa mtaa mzima wamehamia huko, na njiwa wametua mpaka ardhi haionekani. Yesu na Maria! Mbaazi zote zilizokuwa zikilia ta! chini ya mkono wa Shangazi saa sita mchana zilikuwa pale vumbini, na wageni walikuwa wanazila bila kunawa. Shangazi akavuka mpaka, akaja uwanjani kwetu, akaikuta chungu ya mbaazi inanifika kifuani. Shamba letu lilikuwa dogo kuliko lake, na chungu yake ilikuwa imenifika magotini. Nilikwenda kuipima mwenyewe, kwa kiherehere changu. Akachota mbaazi kiganjani, akaziachia zidondoke. "Wifi," alisema taratibu, "kumbe mimi nilikuwa navunia njiwa." Aayo, aliyekuwa ameisubiri siku hiyo, akatabasamu. "Mimi jua silisingizii, wifi. Ninalituma." Nilipiga vigelegele, nikakanywa, nikapiga tena.

Mwaka uliofuata, alfajiri moja, ukuta wetu uligongwa kwa fimbo tukiwa bado tumelala. Alikuwa Shangazi, ana mundu na wanawe wote nyuma. "Nyie popo," alifoka, "bado mmelala?" Kabla sijamaliza shule, saa sita mchana ukipita mashambani Endabash ulikuta njiwa peke yao, wanatafuta na hawapati.

Siku hizi naishi Karatu mjini, na simu ya mjukuu ndiyo inayotuonya kwamba leo ni joto, familia zikae kivulini. Vijana wanabishana. Wengine wanasema ni uzungu, wazee wetu walishinda juani na hawakufa. Mimi nacheka, maana wangu nusura afe. Kaeni kivulini, nasema, watoto na wazee na wenye misuli pia, ila kwanza mwamke. Tembe halipo tena, na Aayo tumeshamzika, kwenye kipande kile cha chini. Lakini nendeni Endabash mchana wowote wa mwezi wa kumi. Mtamkuta mzee wa mvi tupu amejinyoosha kivulini, kofia usoni, anakoroma bila aibu, na mbaazi zinapasuka uwanjani mbele yake. Huyo ni Baba.